Uzi: Gari la traki, tapeti zipimwe kila baada ya nini? Kilomita, saa, au siku za mbio?

#1 ShimuMbili
Wakuu, salaam. Nina 4A-GE, injini ya Toyota ya valvu 16, ile ya shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi) juu ya kikombe kinachosukuma valvu. Haina turbo, kamshafti (mihimili inayofungua valvu) ni zilezile za kiwandani. Gari halitembei tena barabarani, linaingia traki tu, yaani uwanja wa mbio. Kabla ya msimu hedi ilishushwa, siti (pale valvu zinapokalia) zikakatwa upya, valvu zikasagwa. Tapeti, yaani nafasi kati ya kamshafti na shimu, niliseti mwenyewe injini ikiwa imelala usiku kucha: inleti milimita 0.20, ekzosi 0.25. Kitabu kinataka inleti 0.15 hadi 0.25 na ekzosi 0.20 hadi 0.30.

Tangu hapo nimekwenda siku 5 za traki, kila siku vipindi vinne au vitano vya dakika 20. Kwa odometa ni kama km 800 tu. Jumamosi nikafungua kava ya hedi kwa sababu gasketi yake ilikuwa inatoa jasho la oili, nikaona mradi kava liko chini ngoja nipime.

Inleti zote ziko palepale, isipokuwa moja imeshuka hadi 0.18. Ekzosi ndizo zilizoninyima usingizi:

Silinda 1: 0.23 na 0.22
Silinda 2: 0.21 na 0.22
Silinda 3: 0.14 na 0.16
Silinda 4: 0.21 na 0.20

Hiyo ya 0.14, fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.15 inagoma kabisa kuingia, ya 0.14 inapita kwa kukwaruza. Na injini ilikuwa tamu, haina kelele hata kidogo. Kwa nini nafasi zimepungua badala ya kuongezeka? Kwa nini silinda ya 3? Na nyie mnaokwenda traki mnapima kila baada ya nini? Kitabu kinazungumzia makumi ya maelfu ya kilomita, na mimi sijafika hata elfu moja.

#2 Bwana_Oili
Km 800 na tayari kava liko mezani! Mkuu hiyo injini unaipenda kuliko usingizi. Kitu kikisagika nafasi inaongezeka, haipungui. Rudia kupima, nadhani fila yako imekudanganya.

#3 FundiMstaafu
Bwana_Oili, hapo hapana. Nafasi inakwenda pande mbili. Nundu ya kamshafti ikilika, au shimu, au kikombe, nafasi inaongezeka na utasikia tak-tak-tak. Lakini valvu ikizama ndani ya siti, shina lake linapanda juu kuelekea kwenye kamshafti na nafasi inapungua. Huko hakuna kelele. Ndiyo maana wazee walitufundisha kuogopa injini iliyonyamaza ghafla kuliko inayogonga tapeti. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

ShimuMbili, umefanya vyema kufungua. Valvu ya ekzosi inapitiwa na moto kila ikifunguka, na sehemu kubwa ya joto hilo inaliacha kwa kupitia siti, pale inapokuwa imefungwa na kugusana nayo. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haikai sawasawa, haipoi, na moto unapenya pembeni. Ukingo ukianza kuungua ni suala la vipindi vichache tu.

Jambo la pili: siti zako ni mpya. Siti iliyokatwa juzi na valvu iliyosagwa lazima zilaliane. Kushuka kwa 0.03 au 0.04 mwanzoni sishangai. Silinda ya 3 ndiyo inayonisumbua.

#4 GiaYaTatu
Asante kwa uzi huu. Mimi nina S54, injini ya BMW M3 ya E46, mstari mwekundu mizunguko 8,000. Nafasi zake ni inleti 0.18 hadi 0.23, ekzosi 0.28 hadi 0.33, na ratiba ya barabarani ni kama km 48,000. Mimi napima kila msimu, traki nyingi au chache. Msimu wa kwanza nilibadili shimu tano. Wa pili mbili. Wa tatu sikugusa kitu. Nikianza kusikiliza kilomita tu, huo msimu wa kwanza ungenipita.

#5 MamaTurbo
Kilomita ziacheni, hesabuni mara valvu inavyofunguka. Kamshafti inazunguka nusu ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Mizunguko 6,000 ni mara 3,000 kwa dakika kwa kila valvu. Kipindi kimoja cha dakika 20 ni mara 60,000! ShimuMbili amefanya kama dakika 450, hiyo ni mara 1,350,000. Sasa mnashangaa nini? Wekeni kipimo cha saa kwenye gari, mpime kila saa 5.

#6 Hesabu_Kwanza
Dada, hesabu yako haina kosa ila haijafika mwisho. Chukua km 800 hizohizo barabarani kwa mwendo wa 100, injini ikiwa kwenye 3,000. Ni saa 8, dakika 480, mara 1,500 kwa dakika: jumla 720,000. Kwa hiyo traki imezidi chini ya mara mbili. Kama ingekuwa ni idadi tu, basi ratiba ya kitabu ingegawanywa kwa mbili na tungelala usingizi.

Tofauti kubwa iko kwenye nguvu na joto. Nguvu za kuirusha valvu na kuirudisha zinapanda kwa mraba wa mizunguko: kutoka 3,000 hadi 6,000 ni mara nne. Halafu barabarani unakanyaga robo ya mafuta, traki unakanyaga hadi mwisho kwa sehemu kubwa ya mzunguko. Valvu ya ekzosi inakaa nyekundu muda mrefu. Chuma cha moto kinapigwa kwa nguvu zaidi. Saa ni kipimo bora kuliko km, hilo nakubali, lakini saa ya gari langu na saa ya gari lako si saa moja.

#7 MamaTurbo
Nimekubali, mkuu. Hiyo ya mraba nilikuwa nimeiacha. Ila saa bado ni yangu 😄

#8 KavaJuu
Ndiyo maana mimi nilichagua injini ya tapeti za haidroliki. Oili inajaza nafasi yenyewe. Sina fila, sina shimu, sina shida.

#9 FundiMstaafu
KavaJuu, mwanangu, tapeti ya haidroliki haizuii valvu kuzama. Inakufichia tu. Plunja ya ndani inashuka kidogo kidogo kufuata shina, mpaka ifike chini kabisa. Siku hiyo valvu inabaki imefunguliwa kidogo, na wewe hukuwa na namba yoyote ya kukuonya. Tena oili ikiingia povu kwenye kona ndefu, tapeti inakuwa laini na mizunguko ya juu inaanza kusumbua. Huna fila, sawa. Basi uwe na kipimo cha kuvuja cha silinda, na ufanye kila msimu.

#10 KavaJuu
Nimepokea. Hicho kipimo cha kuvuja ndicho kile cha kompresheni?

#11 Hesabu_Kwanza
Hapana. Cha kompresheni unazungusha injini kwa stata na kusoma shinikizo la juu. Cha kuvuja unaweka pistoni juu kabisa, valvu zote zimefungwa, unaingiza hewa kupitia tundu la plagi na kusoma ni asilimia ngapi inapotea. Kisha unasikiliza: ikipuliza kwenye bomba la ekzosi ni valvu ya ekzosi, kwenye throto (mlango wa hewa) ni inleti, kwenye mdomo wa oili ni ringi. Funga gia na breki vizuri, hewa inaweza kuizungusha kranki ikakuumiza mkono.

#12 Plagi_Nyeupe
Turudi kwa silinda ya 3. Mimi naweka dau kwenye injekta, kinyunyizi cha mafuta. Ikiziba kidogo, silinda hiyo inakula hewa nyingi na mafuta kidogo, na injini bado inavuta vizuri tu usijue. ShimuMbili, toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio. Ya 3 ikiwa nyeupe kuliko wenzake, umepata jibu.

#13 MajiYanachemka
Au ni maji. Hedi haipoi sawasawa kila mahali. Hewa ikibaki imejificha ndani baada ya kazi ya hedi, kuna sehemu inachemka peke yake na geji ya joto haikwambii chochote, kwa sababu kihisio kiko mahali pengine. Ulitoa hewa kwenye mfumo wakati unajaza maji, au ulimwaga tu ukafunga?

#14 Maikromita
Kabla hatujaisulubu silinda ya 3, tuhakikishe vipimo. Mambo matatu. Moja, nundu lazima iwe imegeuka mbali kabisa na kikombe. Ukipima ikiwa karibu na mteremko unapata namba ndogo. Mbili, injini ya "baridi" si ile iliyozimwa saa mbili zilizopita. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, na kuna injini, kama zile za Porsche za kupozwa kwa hewa, ambazo nafasi inaongezeka zikipata moto. Tatu, usiamini namba iliyochongwa kwenye shimu. Inafutika na shimu inalika. Pima kwa maikromita.

#15 ShimuMbili
Wakuu asanteni, nimefanya kazi jioni nzima.

Maikromita, nimerudia kupima asubuhi kabla jua halijatoka, nundu zikitazama juu. Nimepata 0.14 na 0.16 tena.

Plagi_Nyeupe, plagi ya 3 ni nyeupe kidogo kuliko ya 1 na ya 2, lakini ya 4 nayo inakaribia kufanana nayo. Siwezi kuapa.

MajiYanachemka, nilijaza maji pua ya gari ikiwa juu, nikasubiri feni iwake mara mbili. Zaidi ya hapo sikufanya.

Kipimo cha kuvuja: silinda 1 asilimia 6, 2 asilimia 7, 3 asilimia 14, 4 asilimia 7. Ya 3 nikaweka sikio kwenye bomba la ekzosi, inapuliza kwa mbali, kama mtu anayepooza chai.

Shimu: ile ya 0.14 imechongwa 2.75 lakini maikromita inasema 2.74. Hesabu yangu: 2.74 kuongeza 0.14 kutoa 0.25, nahitaji 2.63. Zinazopatikana zinapanda kwa 0.05. Nikiweka 2.65 napata 0.23, nikiweka 2.60 napata 0.28. Mngeweka ipi?

#16 FundiMstaafu
2.60 bila kufikiri mara mbili. Ekzosi ya traki iache upande wa juu wa kipimo. Itashuka yenyewe.

#17 Hesabu_Kwanza
Mzee, hapo tutapishana kidogo. 0.28 iko ndani ya kipimo, sawa. Ila watu wakisikia "upande wa juu" wanaishia 0.35. Nundu ina mteremko mdogo wa kuanza kukigusa kikombe taratibu. Ukizidisha nafasi, mguso unaruka mteremko huo na kuwa kipigo. Na hii ni shimu ya juu ya kikombe, imekaa kwenye kibakuli chake tu. Kwa mizunguko ya juu na kamshafti kali, shimu hizi zinajulikana kwa kuruka nje. Ndiyo sababu wajenzi wengi wa 4A-GE wanahamia shimu za chini ya kikombe.

#18 FundiMstaafu
Sikusema 0.35, na kamshafti zake ni za kiwandani. Lakini umesema kweli, wanaosoma wasizidishe.

#19 VTEC_Usiku
Hamjamuuliza swali muhimu. Umewahi kukosea gia? Kutoka ya 4 ukidhani unaingia ya 3 ukaingia ya 1? Kidhibiti cha mizunguko kinakata mafuta, hakiwezi kuzuia magurudumu yasiizungushe injini. Mimi nina F20C, injini ya Honda S2000. Zile za kwanza zenye mstari wa 9,000, kofia za springi zinaweza kupata ufa baada ya kosa kama hilo, na injini ikaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Watu wengi huziondoa na kuweka za AP2, toleo la baadaye la gari hilo, pamoja na vibanio vyake. Baada ya kosa la gia hakuna ratiba. Unafungua siku hiyohiyo.

#20 ShimuMbili
Nimekosea mara moja, siku ya pili. Niliingia ya 2 badala ya 4. Niliwahi klachi, rekodi inaonyesha 8,300.

#21 VTEC_Usiku
Hilo ulipaswa kuliandika #1, mkuu! Valvu iliyoelea (springi ikashindwa kuifuatisha nundu) na kurudi kwenye siti kwa kishindo inaweza kupinda unyoya tu, ikakaa upande. Asilimia 14 yako hiyo hapo.

#22 Plagi_Nyeupe
Ingekuwa ni hivyo, kwa nini ekzosi zote mbili za silinda moja na si moja ya huku na nyingine ya kule? Kosa la gia halichagui silinda. Joto linachagua.

#23 Springi_Laini
Springi! Hakuna aliyezigusa. Ulipofanya hedi ulizipima nguvu au ulizirudisha tu? Springi inachoka. Ikipoteza nguvu, valvu inaanza kudunda kwenye siti kabla ya mstari mwekundu, na kila mdundo ni nyundo. Urefu wa springi ikiwa huru hautoshi, ibane hadi urefu wake wa kazi usome kilo. Timu za mbio hubadili springi kwa saa, hazisubiri ivunjike.

#24 Desmo56
Ndiyo uzuri wa Ferrari kuleta springi za hewa kwenye Formula 1, shida ya kuchoka ikaisha.

#25 GiaYaTatu
Ni Renault, mkuu, mwaka 1986, injini ya V6 yenye turbo ndani ya Lotus. Ferrari walifuata baadaye.

#26 Desmo56
Asante kwa kunirekebisha. Basi nirudi nyumbani kwangu: desmo. Mercedes W196 ya 1954 ilifunga valvu kwa roka (mkono wa kusukuma) badala ya springi, na Ducati ya mhandisi Taglioni ikashinda mbio za Sweden 1956 kwa mfumo huo. Lakini hata bila kutegemea springi hukwepi fila. Kwenye desmo unapima nafasi mbili kwa kila valvu, ya kufungua na ya kufunga. Pikipiki yangu ya traki, ya kufunga ndiyo inayohama zaidi.

#27 MamaTurbo
Kwa kuwa tumeshapotea njia, niseme la ndege, maana huko kila kitu ni kwa saa. Rubani Lindbergh alipovuka Atlantiki 1927, injini yake ya Wright Whirlwind ilikwenda kama saa 33 na nusu bila kupumzika, na valvu za ekzosi zilikuwa na sodiamu ndani. Sodiamu inayeyuka karibu nyuzi 98, inatikisika ndani ya shina na kubeba joto kutoka kichwani. Saa 33! ShimuMbili hajafikisha hata 8.

#28 FundiMstaafu
Na ndege hiyo haikuwa inapanda na kushuka kutoka 4,000 hadi 7,500 kila kona, dada. Ilikaa mwendo mmoja. Ila kwa faida ya wengine: valvu ya sodiamu ikipasuka au ikichakaa usiikate wala kuitupa ovyo. Sodiamu na maji ni moto.

#29 V8_Saba
Nimeona mmegusa sodiamu. LS7 ya Corvette Z06, lita 7.0, ina inleti za titani na ekzosi za sodiamu, na tapeti zake ni za haidroliki. Tulioipeleka traki tunachotazama ni valvu gaidi, bomba linaloongoza shina la valvu. Ikilika, shina linayumba, kichwa hakitui katikati ya siti. Unashika valvu, unaitikisa, unasoma kwa dayo geji (saa ya kupimia mchezo). ShimuMbili, gaidi zako zilibadilishwa au zilibaki za zamani? Ukichonga siti mpya ukifuata gaidi iliyochakaa, siti inakuwa imehama kidogo, na hapo hakuna shimu itakayokuokoa.

#30 ShimuMbili
Mhandisi wa hedi alisema gaidi ziko ndani ya kipimo, sikushuhudia akizipima. Springi nilirudisha zilezile, nilipima urefu tu.

#31 Springi_Laini
Nilijua.

#32 Plagi_Nyeupe
Fanya jambo rahisi kabla ya kushusha hedi. Hamisha injekta ya 3 iende 1, ya 1 ije 3. Weka shimu, nenda siku mbili za traki, pima tena. Tatizo likihamia silinda ya 1, injekta. Likibaki 3, mimi nanyamaza.

#33 MajiYanachemka
Na asilimia 14 hiyo anakwenda nayo traki? Siku mbili zinatosha kumalizia ukingo wa valvu. Halafu vipande vikienda kwenye pistoni tutamwambia nini?

#34 GiaYaTatu
Asilimia 14 watu wanaendesha nayo. Kinachonitisha mimi ni tofauti na wenzake, mara mbili. Ningeweka shimu, nikaendesha barabarani taratibu, nikapima kuvuja upya. Huenda ni kipande cha kaboni kimekaa kwenye siti, hutokea sana.

#35 KavaJuu
Nimepima yangu leo kwa sababu ya uzi huu. Asilimia 8, 9, 8, 22. Nimenyamaza.

#36 FundiMstaafu
KavaJuu, 22 inapuliza wapi? Fungua uzi wako, tutakuja huko.

#37 ShimuMbili
Nimeamua hivi. Shimu 2.60 kwa ile ya 0.14. Ile ya 0.16 shimu yake ni 2.70 kamili, hesabu inatoa 2.61, naweka 2.60 pia, itakuwa 0.26. Injekta nabadilishana 3 na 1. Maji namwaga najaza upya. Halafu mwendo wa barabarani, kuvuja tena. Ikizidi 14, hedi inashuka na springi zinapimwa kilo mbele ya macho yangu. Ratiba yangu kuanzia sasa: fila baada ya kila siku mbili za traki mpaka namba zitulie mara tatu mfululizo, kisha nitaongeza. Kila namba naiandika kwenye daftari na saa zake.

#38 Maikromita
Vizuri. Swali moja, maana nimesoma uzi wote na sijaona. Kwenye #1 ulisema kuna inleti moja imeshuka hadi 0.18. Ya silinda gani?

#39 ShimuMbili
Ngoja nitazame daftari.

#40 ShimuMbili
Ya 3.

#41 MajiYanachemka
Inleti inapozwa na hewa mpya inayoingia. Ikizama nayo, mimi simtazami tena injekta. Joto liko kwenye hedi yenyewe.

#42 Springi_Laini
Au springi nne za silinda moja zilikaa pamoja kwenye boksi moja zikarudi pamoja.

#43 Plagi_Nyeupe
0.02 ndiyo unaita kuzama? Hiyo ni mkono wa mpimaji.

#44 FundiMstaafu
ShimuMbili, usifunge kava bado. Rudisha hewa kwenye silinda ya 3, fungua throto, usikilize upande wa inleti safari hii. Tuandikie ulichosikia.